Mwaka wa Rupia, Mwaka wa Pweza

Wapo katika jamaa zetu watu wanaoamini kwamba historia ya ukoo ni mambo mazito tu: nasaba hadi babu wa saba, jina la jahazi, hati ya shamba, sahihi ya kadhi. Mengine yote, yaani nani aliimba nini, filamu gani iliwaliza mabibi, kioja gani kilienea mtaani, huyahesabu kuwa porojo za barazani, za kucheka na kusahau. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Nashikilia kwamba porojo hizo ndizo kalenda ya kuaminika kuliko zote tulizonazo sisi tuliozaliwa na watu waliohama, na kwamba kila mzee anapotutoka kabla hatujamuuliza juu ya waimbaji wake na vioja vya ujana wake, tunazika pamoja naye tarehe ambazo hakuna ofisi itakayoturudishia.

Hebu kila msomaji atazame vitambulisho vya wazee wa nyumbani kwake. Atakuta, kama nilivyokuta mimi kwa wetu, kwamba idadi ya ajabu ya wazee hao walizaliwa tarehe mosi Januari. Mgeni asiyetujua angedhani kwamba wanawake wa pwani walikuwa na desturi ya kujifungua usiku mmoja tu katika mwaka, kisha wakunga wakapumzika miezi kumi na mmoja iliyobaki. Sababu yenyewe si siri. Karani aliuliza tarehe, mzee akajibu kwamba alizaliwa karafuu zilipokuwa zinaanikwa, au siku chache baada ya maulidi, au msimu jahazi zilipochelewa. Fomu haikuwa na nafasi ya karafuu wala ya jahazi. Karani akaandika Januari mosi, akakisia mwaka kwa kutazama uso, akaita anayefuata.

Hapa Afrika Kusini makisio hayo yanakuwa kama chapa ya moto. Namba ya kitambulisho ina tarakimu 13, na sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mzee aliyeandikwa Januari mosi ya 1940 huanza na 400101 benki, hospitalini, na hata akinunua laini ya simu. Anaizoea namba hiyo mpaka anaiamini. Wajukuu wanamletea keki siku ya mwaka mpya, naye anaikata kwa adabu, huku moyoni akijua kwamba mama yake alimzaa wakati wa mvua za masika.

Wala si siku tu inayopotea. Waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wengi walitoka mikono mitupu, na vyeti vikabaki ndani ya makasha ambayo hawakuyaona tena. Walikofika, iwe Mombasa, Dar es Salaam, Dubai au Maskati baada ya Oman kufungua milango kuanzia 1970, walitengenezewa karatasi mpya, na karatasi mpya ilifuata haja ya siku ile. Mvulana aliongezwa miaka ili apate kazi, msichana akapunguzwa ili apokelewe shule. Nimewahi kuona katika hati za familia moja ndugu wawili wa tumbo moja waliopishana miezi minne. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa kijana mmoja anayesomea udaktari.

Anayedhani karatasi ni ushahidi usiopingika na awakumbuke ndugu zetu wa Durban wanaoitwa Wazanzibari. Wazee wao, wengi wao Wamakua wa asili ya kaskazini ya Msumbiji, walikombolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, wakapelekwa Natal kuanzia 1873, na kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa kwa jina la Unguja. Serikali ya ubaguzi ilipotaka kumpanga kila mtu katika kundi, ikawaandika kuwa Waasia wa aina nyingine, na katika miaka ya sitini ikawahamisha kutoka King's Rest hadi Chatsworth. Watu wa bara hili, kwa kalamu ya karani, wakawa watu wa bara jingine. Ikiwa kalamu iliweza kumhamisha mtu bara zima, kumhamisha miaka saba ni kazi ndogo.

Ugumu mwingine ni wetu wenyewe, nao unachekesha zaidi. Wazee wetu waliishi na kalenda tatu. Ile ya miladia ilikuwa ya serikali na ya mishahara. Ile ya hijiria ilikuwa ya saumu, ndoa na arubaini. Na ile ya Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha hadi leo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, ilikuwa ya mkulima na baharia. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, hivyo aliyetimiza miaka 64 kwa hesabu ya jua ametimiza karibu 66 kwa hesabu ya mwezi, na aliyefika 100 kwa jua ameshapita 103 kwa mwezi. Mtu mwenye busara alitumia zote kwa zamu. Akitaka kuonekana kijana alihesabu kwa miladia. Akitaka kupishwa kiti alihesabu kwa hijiria.

Sasa, katikati ya vurugu hiyo, wazee walijua umri wao vipi? Walijua kwa matukio. Alizaliwa mwaka wa tufani, yaani 1872, upepo ulipoing'oa mikarafuu ya Unguja. Alitahiriwa mwaka wa mizinga, 1896, manowari za Waingereza zilipolishambulia jumba la Sultani kwa muda usiofika saa nzima. Alianza chuo manowari ya Pegasus ilipozamishwa na Wajerumani bandarini, Septemba 1914. Aliolewa Siti binti Saad aliporudi Bombay na santuri zake, 1928. Alijifungua mtoto wa pili wakati wa vita vya ng'ombe, 1951. Msomaji ataona kwamba Siti amekaa katika orodha hiyo sawasawa na manowari na tufani, na ndipo anapostahili. Kwa mabibi wengi sauti ya Siti katika santuri ilikuwa tukio kubwa kuliko kubadilishwa kwa Balozi Mkazi, maana Balozi hakuwahi kuimbwa harusini.

Mfano bora wa hesabu ya namna hii ni marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013. Magazeti ya dunia yalimwita mwimbaji mkongwe kuliko wote, yakamtajia miaka mia na zaidi, na hapakuwa na cheti cha kuthibitisha. Mwenyewe alipoulizwa alisema kwamba alizaliwa enzi za rupia. Wengi walilichukua jibu hilo kama mzaha wa mwanamke mzee aliyezoea kuwachekesha waandishi. Mimi nalichukua kama jibu la kitaalamu. Rupia ilikuwa fedha ya Unguja na Pemba hadi mwisho wa mwaka 1935. Januari 1936 shilingi ikashika nafasi yake. Kwa hiyo Bi Kidude alitupa mpaka mmoja ulio imara: alikuwa na miaka 77 au zaidi alipofariki. Upande wa pili wa mpaka aliuacha wazi, na huo ndio uaminifu. Karatasi ya Januari mosi inadai kujua kila kitu na haijui lolote. Jibu la rupia linadai kujua jambo moja, na jambo hilo linaweza kupimwa.

Afrika Kusini nayo ilikuwa na Bi Kidude wake. Fredie Blom wa Cape Town alikuwa na kitambulisho kilichosema kwamba alizaliwa tarehe 8 Mei 1904. Wenye kitabu cha rekodi za dunia hawakuwahi kulithibitisha dai hilo. Lakini Mzee Blom alikuwa na tukio lake: homa kuu ya 1918, iliyomwondolea jamaa zake angali kijana. Mtu hakosei kirahisi juu ya mwaka aliobaki peke yake. Alipotimiza miaka 116, Mei 2020, nchi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona na serikali ilikuwa imepiga marufuku kuuza sigara. Habari zilizozunguka dunia siku ile zilikuwa kwamba mkongwe huyo hana tumbaku ya kusherehekea. Marufuku iliondolewa Agosti mwaka huohuo, naye akafariki siku chache baadaye. Bi Kidude pia alikuwa mvutaji mashuhuri wa sigara. Madaktari wetu wananiomba niongeze hapa kwamba wakongwe wawili hawafanyi sheria, nami naongeza.

Wapo watakaouliza: hayo ni ya watu maarufu, sisi yanatufaa nini? Nitajibu kwa hesabu ya nyumbani. Bibi mmoja wa ukoo wetu aliyemalizia maisha yake Mayfair, hapa mjini, aliandikwa kwamba amezaliwa tarehe 1 Januari 1945. Bibi huyo alikuwa na kumbukumbu mbili ambazo alizisimulia mara nyingi hata watoto wakazichoka. Ya kwanza, kwamba hakuwahi kununua kitu kwa rupia, ila alimwona mama yake akizihifadhi chache ndani ya kasha kwa matumaini kwamba zitarudi. Ya pili, kwamba habari za kifo cha Siti binti Saad zilipofika alikuwa ameshavikwa buibui, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuruhusiwa kutoka kwenda kuliona jeneza likipita. Siti alifariki mwaka 1950. Mtoto wa miaka mitano havikwi buibui. Huvikwa anapokaribia kuvunja ungo, kwenye miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Unganisha kumbukumbu hizo mbili na unapata mtu aliyezaliwa baina ya 1936 na 1938. Karatasi ilimwibia miaka saba kwa uchache.

Miaka hiyo saba haikuwa mapambo. Pensheni ya wazee hapa nchini huanza mtu anapofikia miaka 60. Karatasi ilisema atafika 2005. Mwili wake ulikuwa umefika 1998 au kabla. Miaka yote ile alikaa akishona, macho yakipungua nguvu, kwa kuwa mbele ya sheria alikuwa bado mwanamke wa makamo. Baadaye tabibu mmoja alipokuwa akimpimia dawa alidhani anamtibu mtu wa miaka sabini, kumbe anamtibu mtu wa karibu themanini. Hakuna katika wanawe aliyeweza kusema neno, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba porojo za Siti na rupia zilikuwa ushahidi. Walizipokea kama wimbo wa kulalia. Wangeziandika na kuziweka pamoja mapema, wangekuwa na hoja ya kupeleka kwa wakili, au walau kwa tabibu.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: vioja na habari za mastaa ndizo habari za uongo kuliko zote. Ni kweli. Mwaka 2012 zilienea habari kwamba Bi Kidude ametekwa nyara. Kumbe alikuwa kwa jamaa zake, na maneno yakageuka kuwa juu ya afya yake na iwapo aendelee kuimba. Hapa Afrika Kusini kizazi kizima cha vijana wa miaka ya sabini na themanini kilimpenda mwimbaji wa Detroit, Sixto Rodriguez, ambaye kwao Marekani santuri zake hazikununuliwa. Kila mmoja hapa alijua kwa yakini kwamba alijiua jukwaani, na waliotofautiana walitofautiana juu ya namna tu. Machi 1998 marehemu huyo aliteremka kutoka ndege akiwa hai, akaimba mbele ya kumbi zilizojaa, akarudi kwao, na hakufa hadi Agosti 2023, akiwa na miaka 81. Na Unguja na Pemba, mwaka 1995, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, taa zikiwaka, kwa kumwogopa Popobawa.

Lakini tazama: hata uongo una tarehe. Sihitaji kuamini Popobawa ili nijue kwamba mtoto aliyenyonyeshwa barazani kwa hofu ya Popobawa alizaliwa kwenye 1994 au 1995. Sihitaji Rodriguez awe amekufa ili nijue kwamba mjomba aliyelia kwa kuwahi tamasha lake alikuwa mtu mzima mwaka 1998. Anayetafuta tarehe haulizi kama tukio lilikuwa la kweli. Anauliza lini watu walilizungumza, na mzee wake alikuwa na kimo gani walipolizungumza. Kumbukumbu ya mwanadamu hukosea tarakimu kila siku, lakini si rahisi ikosee kama mtu alikuwa amebebwa mgongoni au alikuwa amebeba mwingine.

Kuna tahadhari moja tu, nayo nitaieleza kwa kioja kingine. Mzee akisema kwamba alioa kabla ya televisheni kuja, mwulize mara moja: kuja wapi? Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote na majumba marefu ya Johannesburg, haikuwa na televisheni ya taifa hadi tarehe 5 Januari 1976, kwa kuwa watawala waliogopa itawaharibu watu. Unguja, kisiwa cha karafuu, kilikuwa tayari na televisheni, tena ya rangi, kabla ya hapo. Jambo hili wazee wetu hawachoki kuwakumbusha majirani zao wa hapa, na wanayo haki. Lakini kwa mwandishi wa nasaba lina somo: tukio moja linaweza kuwa na tarehe mbili mahali pawili, na familia iliyohama ina saa nyingi ukutani. Andika tukio, andika na mji.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wazee ni kumbukumbu tu. Wao ni watu, na kuzeeka ugenini kuna ugumu wake ambao hauonekani katika picha za simu, zile ambazo siku hizi programu huzifuta mikunjo hata shangazi anaonekana mdogo kuliko bintiye. Ugumu wenyewe ni kwamba mzee ugenini huulizwa maswali mawili tu: umekula, na umemeza dawa? Hakuna anayemwuliza nani alikuwa na sauti nzuri zaidi. Naye, asiyeulizwa hilo, polepole huamini kwamba maisha yake yamekuwa orodha ya vidonge. Nimeona mara nyingi jinsi uso unavyobadilika swali likibadilika. Mwulize mzee wa pwani nani mwenye Malaika, Fadhili William wa Kenya au Adam Salim wa Tanganyika, kisha sogeza vyombo, maana mikono itaanza kurushwa. Mbishani huyo si mgonjwa tena, ni shahidi.

Na kwa kuwa tumeitaja Malaika, tusimpite binti wa mji huu aliyeipeleka duniani. Miriam Makeba alizaliwa hapa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932. Yeye alikuwa na tarehe kamili, ila alinyang'anywa karatasi: mwaka 1960, alipotaka kurudi kumzika mama yake, alikuta pasipoti yake imefutwa. Hakurudi hadi 1990. Katika miaka ile alishika pasipoti za nchi kadhaa, na hakuna hata moja iliyomweleza vizuri kama nyimbo zake zilivyomweleza. Mwaka 2005 alianza ziara ya kuaga. Akaaga, akaaga tena, akaendelea kuaga, hata Novemba 2008 alipoanguka Italia mara baada ya kuimba, akiwa na miaka 76. Kati ya Bi Kidude ambaye watu walibishana kama apumzishwe, na Makeba ambaye alikataa kupumzika, mimi sioni kwamba mmoja alikuwa na akili kuliko mwingine. Naona tu kwamba wote wawili waliulizwa wimbo mpaka mwisho, na kuulizwa ni nusu ya uzima.

Wala kalenda hii haijafungwa. Vijana wetu wanadhani wao wameokoka kwa kuwa wana vyeti vya hospitali vyenye saa na dakika. Subirini. Miaka hamsini ijayo mtoto atamwuliza bibi yake maana ya kuzaliwa Julai 2010, na tarakimu hazitamwambia lolote. Bibi ndiye atakayemwambia kwamba ulikuwa mwaka wa vuvuzela, mji mzima ukinguruma kama mzinga wa nyuki, na fainali ya Kombe la Dunia ikachezwa hapahapa Soccer City, tarehe 11 Julai, Hispania ikamfunga Mholanzi bao moja kwa bila. Atamwambia pia kwamba ushindi huo ulitabiriwa na pweza aliyefugwa Ujerumani, jina lake Paul, na kwamba babu mmoja wa Fordsburg aliposikia habari hizo alisema kwao pweza hupigwa mpaka alainike, akatiwa nazi na ndimu, na akifika mezani hana utabiri wowote isipokuwa usingizi. Mtoto hatasahau mwaka huo tena.

Na yule aliyezaliwa 2020 ni wa mwaka wa Jerusalema, wimbo wa Master KG na Nomcebo Zikode, uliochezwa na wauguzi, watawa na askari dunia nzima wakati sisi tumefungiwa ndani. Dada zake ni wa amapiano, muziki uliochimbuka vitongoji vya Gauteng na kufika mpaka kwenye harusi za Dar es Salaam, ambako mabibi wameukaribisha kwa tahadhari ileile ambayo mama zao waliikaribisha santuri. Dalili ya kweli ya uzee, kwa maoni yangu, si mvi, ambazo piko huzimaliza, wala si magoti. Ni siku unapoingia sebuleni mwako ukakuta watoto wanacheza wimbo ambao hulijui jina lake. Usiwaamuru wazime. Uliza jina, uandike na tarehe. Umeshapata ukurasa mmoja wa historia ya ukoo, na haukukugharimu kitu.

Basi ombi langu kwa jamaa wote, walio hapa na walio Maskati, Mombasa, Toronto na kwingineko, ni jepesi. Kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja ampigie simu mzee mmoja, amwamkie shikamoo yake kama inavyopasa, amwache kwanza amalize habari za magoti, kisha amwulize maswali matatu. Ulipokuwa mtoto, nani alikuwa akiimbwa harusini? Ni kioja gani kiliwatisha au kuwachekesha watu wa mtaa wenu, na mtaa gani? Na kilipotokea, wewe ulikuwa umebebwa, unatembea, umeshavikwa buibui, umeshaoa? Majibu yaandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe, bila kurekebishwa. Tukipata matukio mawili, moja kabla na moja baada, tutakuwa na mwaka. Tukipata mwaka, Januari mosi tutairudishia kalenda, nasi tutamkatia bibi keki yake wakati wa masika.